Mfumo Umegoma: Uhakiki wa Neno Lililozidiwa

Mwananchi afikaye kwenye dirisha la ofisi mjini Shinyanga, Kahama au Geita siku ambayo mambo hayaendi, aghalabu hupewa jibu moja kati ya mawili: "mfumo umegoma", au "mtandao unasumbua". Mchimbaji mdogo anayefuatilia leseni yake hulisikia jibu hilo. Mzazi anayelipa ada hulisikia. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara hulisikia. Wote huondoka bila ya kujua kama wangoje nusu saa chini ya mwembe, au warudi kesho, au waandike malalamiko, na kama ni kuandika, wamwandikie nani. Tunakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba sehemu ya adha hiyo ni adha ya lugha. Neno "mfumo" limetwishwa mizigo isiyobebeka na neno moja, na waliolitwisha si makarani wa dirishani. Ni sisi, wafasiri na wasanifu wa istilahi.

Ushahidi wetu hatukuuokota dirishani. Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Kahama alitupatia tafsiri ya mwongozo aliyoipata katika mafunzo ya kompyuta, kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa, zisizo na jina la mfasiri. Mwongozo wenyewe unaeleza taabu zilizowapata watu waliojaribu kuuendesha mfumo endeshi uitwao Unix kwenye kompyuta kubwa za mashirika. Mwalimu huyo alikuwa ameusoma mara tatu na hakuuelewa, akadhani kasoro ni yake. Tuliusoma pamoja naye na walimu wenzake wawili, kisha tukausoma tena Geita pamoja na karani mmoja mstaafu na kijana mmoja mtengenezaji wa kompyuta. Sentensi iliyotusimamisha sote ilikuwa hii: "Mfumo haufanyi kazi vizuri kwenye mfumo kwa sababu mfumo haupeleki herufi kwa mfumo mpaka mtumiaji abonyeze kitufe."

Mifumo minne katika sentensi moja, na kila mmoja ni kitu tofauti na mwenziwe! Mfasiri hakukosea sarufi. Wala hatuwezi kusema kwamba hakujua Kiswahili, kwani kurasa nyingine zimeandikwa kwa lugha safi kabisa. Alifanya lile tulilomzoeza: kila alipokutana na chombo asichokuwa na neno lake, alikimbilia neno lililokaribu.

Istilahi haiwezi kuhakikiwa na mtu asiyekijua kitu kinachotajwa, kwa hiyo tunawaomba wasomaji wasiojishughulisha na mashine hizi watuvumilie kidogo. Mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayosimamia mashine na kuzigawia programu nyingine nafasi na zamu. Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, baada ya maabara hizo kujitoa katika mradi wa Multics, ambao ulikusudia kuunda mfumo endeshi mkubwa kwa ajili ya mashine kubwa. Thompson aliuanza wa kwake kwenye mashine ndogo iitwayo PDP-7, kisha ukahamia PDP-11. Tangu mwanzo, basi, ulikuwa mtoto wa mashine ndogo, na tabia zake ni za nyumba ndogo: watu wachache, mazungumzo ya papo kwa papo, amri fupifupi.

Meinifremu ni ukoo mwingine. Hizi ni kompyuta kubwa za mashirika, kama zile za IBM za jamii ya 360 zilizotangazwa mwaka 1964 na warithi wake, zilizokusudiwa kumaliza kazi nyingi za hesabu kwa mafungu: mishahara ya mwezi mzima, hesabu za benki, ankara. Watu walijaribu kuuhamishia Unix huko. Kampuni ya Amdahl iliuza toleo lake, liitwalo UTS, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na IBM nayo ilitoa matoleo yake baadaye. Mashine zilikuwa na nguvu ya kutosha, na Unix ulikuwa na akili ya kutosha. Taabu yote ilikuwa kwenye viungo, pale kitu kimoja kinapokutana na kingine. Ndiyo sababu matini ya namna hii ni kipimo kizuri cha istilahi. Mfasiri asiye na neno la kila kiungo hawezi kuieleza taabu iliyo kwenye viungo.

Tuchukue sentensi ile ile ya mifumo minne. Mfumo wa kwanza ndani yake ni Unix. Wa pili ni meinifremu, yaani mashine. Wa tatu ni terminali, yaani kioo na kibao cha herufi anachokikalia mtumiaji. Wa nne ni kompyuta iliyo upande wa pili wa waya. Terminali za IBM za jamii ya 3270, zilizoanza mwaka 1971, zilifanya kazi kama fomu ya serikali: unaikalia, unajaza nafasi zote, unasahihisha ulipokosea, na muda wote huo karani wa ndani hajui kama upo. Ukishamaliza unabonyeza kitufe, na fomu nzima inapita dirishani kwa mkupuo. Mashine kubwa ikapumzishwa usumbufu wa kusikiliza kila herufi, na watu mamia wakaweza kuhudumiwa kwa pamoja. Ulikuwa mpango wa busara. Lakini Unix ulizoea mazungumzo. Ulitazamia kuisikia kila herufi inapoguswa na kuijibu hapo hapo. Programu zake za kuandikia zilitegemea hivyo, kwa kuwa herufi moja tu iliyobonyezwa ilikuwa amri kamili. Zikiwekwa kwenye terminali ya fomu, mtumiaji anabonyeza, hapati jibu, anabonyeza tena, kimya.

Msomaji ataona mara moja mtu huyo angesema nini. Angesema kwamba mfumo umegoma. Kumbe hakuna kilichogoma. Mashine inangoja fomu, na yeye anangoja jibu la herufi. Mwalimu wetu wa Kahama alipoelezwa hivi alicheka, kisha akasema kwamba wanafunzi wake wangeuelewa ukurasa mzima kama wangeambiwa tu kwamba upande mmoja unajaza fomu na upande mwingine unapiga soga. Tunakubaliana naye, na tunaongeza kwamba asingeweza kuwaambia hivyo kwa kutumia tafsiri aliyopewa, maana ndani yake hamna pande mbili. Muna mfumo na mfumo.

Ukurasa wa nne ulikuwa mgumu zaidi: "mfumo wa herufi wa mfumo haulingani na mfumo wa herufi wa mfumo". Kinachozungumzwa hapa ni msimbo wa herufi, yaani mpango wa kuipa kila herufi namba yake. Unix ulitumia msimbo wa ASCII, ambamo A ni 65 na herufi zinafuatana bila pengo hadi Z, ambayo ni 90. Meinifremu za IBM zilitumia msimbo wa EBCDIC, ambamo A ni 193 na I ni 201, lakini J si 202. J ni 209. Pengo jingine lipo kati ya R na S. Kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa imani kwamba ukiongeza moja kwenye I utapata J, ikifika meinifremu hutumbukia shimoni. Aidha, katika ASCII tarakimu hutangulia herufi, na herufi kubwa hutangulia ndogo. Katika EBCDIC herufi ndogo hutangulia, kubwa hufuata, na tarakimu huja mwisho. Orodha moja ya majalada ikipangwa na mashine mbili hutoka na sura mbili, na karani wa masjala ambaye hakuambiwa sababu atadhani kwamba majalada yameibwa. Haya yote yanasemeka kwa Kiswahili bila ya kutafuta neno jipya hata moja. "Msimbo" tunalo. Lakini mfasiri hakulitumia, kwa sababu "mfumo" lilikwisha kaa kwenye ulimi wake.

Kurasa nyingine tutazipitia kwa haraka. Faili katika Unix ni mfululizo wa baiti tu, usio na umbo maalumu. Kwenye meinifremu faili iligawanywa katika rekodi, mara nyingi za urefu uliokwisha kupangwa, desturi iliyorithiwa kutoka kwenye kadi za kutoboa zenye nafasi 80. Na Unix huanzisha mchakato mpya karibu kwa kila amri, jambo lililokuwa rahisi kwake na ghali kwa mashine kubwa. Katika tafsiri yetu mambo haya mawili yameitwa "tatizo la mfumo" na "tatizo jingine la mfumo".

Kwa nini tuliipeleka matini hii mpaka Geita, ilhali tungeweza kuikosoa tukiwa mezani? Tulikwenda kwa sababu tulitaka kuisikia lugha ya watu ambao kazi yao haiwaruhusu kuchanganya vitu. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia machimbo ya Kahama mpaka Geita, mtu hasemi "jiwe" akaachia hapo. Jiwe lenye dhahabu ni mbale. Mawe ya taka ambayo mgodi mkubwa umeyatupa, na ambayo wananchi waliyadai ili wayaponde na kutafuta punje zilizosalia, ni magwangala. Mchanga uliokwisha oshwa mara moja na ambao bado una kitu ndani yake ni marudio. Shimo ni duara, magogo yanayolishikilia lisibomoke ni matimba, mashine ya kusaga mawe ni karasha, mahali pa kuoshea ni mwalo, na mtambo wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni ni ilusheni. Anayenunua magwangala kwa bei ya mbale atafilisika kwa wiki moja. Hakuna kamati iliyokaa kuwatungia wachimbaji maneno hayo. Fedha ndiyo iliyowalazimisha kuyatenganisha.

Tunaomba wasomaji waangalie pia asili ya maneno hayo. Mengine ni ya Kiswahili cha zamani yaliyopewa kazi mpya, kama duara. Mengine ni ya kukopa, yaliyovuliwa viatu mlangoni yakaingia ndani, kama karasha na ilusheni. Wachimbaji hawakuona aibu kukopa. Waliona hasara kuchanganya. Wasanifu wengi wa istilahi tumeshika njia ya kinyume: tunaona aibu kubwa kukopa, na kuchanganya hatukuoni kitu.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka huko huko Kahama. Mwezi Machi 2017 serikali ilipozuia usafirishaji nje wa shehena zilizotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, watu wengi walikuwa wakiziita "mchanga". Neno hilo likawapotosha. Wako waliouliza ni nani anayegombania mchanga, na wako waliodhani kwamba ni udongo wa kawaida uliochotwa na koleo. Neno "makinikia" lilipoenea, lilieleza kwamba kitu hiki kimekwisha pita kiwandani, kimepunguzwa takataka na kukusanyiwa madini, na kwamba ndani yake mna dhahabu, shaba na fedha. Wapo waliolicheka neno hilo mwanzoni. Baada ya miezi michache lilikuwa midomoni mwa makondakta wa daladala. Ugomvi haukwisha kwa sababu ya neno, lakini watu walau walijua wanagombania nini.

Kijana mtengenezaji wa kompyuta ndiye aliyetupa ufafanuzi ulioisaidia matini yetu kuliko kamusi zote tulizobeba. Katika Unix kuna desturi ya kuunganisha programu ndogondogo, kila moja ikifanya kazi moja, kwa njia iitwayo bomba: kinachotoka katika hii huingia moja kwa moja katika inayofuata. Alisema kwamba mbale nayo hutoka kwenye duara ikaenda karasha, ikatoka karasha ikaenda mwalo, na kila chombo hakijui wala hakihitaji kujua kazi ya mwenzake. "Lakini," akaongeza, "karasha haisagi jiwe moja moja linapofika. Kila mtu na viroba vyake, na kila mtu na zamu yake." Hapo hapo tukapata kazi za mafungu za meinifremu bila ya kuzitafuta. Unix ulitaka mkondo usiokatika; meinifremu ilitaka viroba na zamu. Tangu siku ile tumeacha kulitilia shaka neno "bomba", ambalo baadhi yetu tuliliona la mtaani mno, na tunapendekeza "kazi za mafungu" litumike badala ya "mfumo wa kundi" lililomo katika tafsiri ile.

Si kila neno lililofasiriwa kwa picha lina bahati kama ya bomba. Programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzifikisha kwenye kiini imeitwa katika tafsiri yetu "gamba", kwa kuwa Kiingereza kimetumia neno lenye maana hiyo. Kwa Mtanzania anayekumbuka siasa za mwaka 2011, gamba ni kitu cha kujivua. Hata tukiyaacha hayo, gamba hulinda na kunyamaza, na programu hii haifanyi hata moja kati ya hayo mawili. Kazi yake ni ukalimani, na "mkalimani wa amri" lingetosha. Vilevile amri ya kuuzaa mchakato mpya kutoka katika mchakato uliopo imefasiriwa "uma", uma ule ule wa mezani. Kiingereza kilikuwa kinawaza njia inayogawanyika, nasi tukaleta chombo cha kulia wali! Kiswahili kina "njia panda" na kina vitenzi "kugawanyika" na "kuzaa". Na kwa kuwa wenyewe husema mchakato mzazi na mchakato mtoto, "kuzaa" ndilo linalofaa.

Neno lililotuchukua jioni nzima ni lile la mchakato uliokwisha kufa lakini jina lake bado limo kwenye daftari la mashine, kwa sababu mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo. Mfasiri ameuita "msukule". Kwa Kiingereza ni neno la mzaha. Usukumani na Geita, ambako watu wamepoteza maisha kwa shutuma za uchawi, msukule si mzaha, na mwalimu wetu alitwambia wazi kwamba hataliandika ubaoni. Ni karani mstaafu aliyetutoa njia panda. Alisema kwamba katika utumishi wa serikali jina lililomo kwenye daftari huku mwenyewe hayupo na kazi haifanyi, lina jina lake tayari. Wasomaji watakumbuka msako wa watumishi hewa wa mwaka 2016. "Mchakato hewa", basi. Hatujapata kuliona pendekezo lililo sahihi kuliko hilo: linaeleza kosa, linaeleza mahali kosa lilipo, na linadokeza hata dawa yake, ambayo ni kusahihisha daftari, kwani kumuua marehemu hakusaidii.

Turudi kwenye "mfumo". Huenda msomaji akajiuliza ilikuwaje neno moja likatawala namna hii. Sisi tunaona kwamba historia yetu ina sehemu yake. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mpango wa kuziandika hesabu za serikali kwa mashine ukakwama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, marufuku ambayo baadaye ililegezwa polepole. Mwaka huo huo wa 1974 Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilianza kutoa orodha zake za Tafsiri Sanifu. Wakati orodha zinaanza kutungwa, mashine zinafungiwa mlango. Istilahi za ufundi huu zikakua kama mtoto aliyelelewa kwa barua: waliozitunga walikuwa wengi kuliko waliozitumia, na hakuna aliyepata hasara kwa kuzichanganya. Mpaka leo habari za mpango ule wa Hazina husimuliwa kwa Kiswahili kwa maneno "kompyuta ilishindwa". Ilikuwa mashine, au programu, au mafunzo ya watu, au utaratibu wa kuzikusanya karatasi kutoka mikoani? Sentensi haisemi.

Kazi iliyofanywa baadaye katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha kwamba hali inaweza kuwa vingine. Mradi wa Kilinux ulianzia kwenye Linux, mfumo endeshi uliobuniwa mwaka 1991 kwa kufuata nyayo za Unix, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mtu anaweza kubishana na neno hili au lile katika kazi hiyo, na sisi tunayo yetu ya kubishia. Lakini lilikuwamo ndani yake sharti ambalo orodha ya karatasi haina: maneno yalikaa juu ya vitufe. Vitufe viwili vilivyo jirani haviwezi kuitwa jina moja, kwa maana mtumiaji atabonyeza kisichohusika na kazi yake itapotea. Hilo ni sharti la karasha na mwalo. Na kwa wale wanaodhani kwamba habari za Unix na meinifremu ni za makumbusho, tunawakumbusha kwamba tangu mwaka 2000 IBM yenyewe imekuwa ikiiunga mkono Linux kwenye meinifremu zake. Ugomvi wa koo mbili uliishia katika ndoa, nao wanafunzi wa Kahama watakaoajiriwa katika mabenki na hazina za data wanaweza kukutana na wajukuu.

Tumepata kuambiwa na mtumishi mmoja wa umma, mtu tunayemheshimu, kwamba mwananchi wa kawaida hana haja na maneno haya yote. Amwambie nini mama mwenye risiti mkononi kuhusu terminali na msimbo? Hoja hiyo ina uzito, lakini imeelekezwa mahali pasipo pake. Hatusemi mama afundishwe kompyuta. Tunasema karani awe na sentensi nne badala ya moja. Akisema "terminali hii imekwama", mama atahamia dirisha la pili. Akisema "mawasiliano na makao makuu yamekatika", atajua kwamba dirisha la pili nalo halina msaada. Akisema "programu ya malipo imesimama", atalipa kwa njia nyingine kama ipo. Akisema "kompyuta ya makao makuu haijibu", atakwenda zake shambani na kurudi kesho. Muuzaji wa dhahabu aliyefunga safari kutoka machimboni, na ambaye bei ya mali yake hubadilika kila siku, anaihitaji tofauti hiyo kuliko sisi tunaoandika makala. Tena sentensi nne humfunga karani pia. "Mfumo umegoma" haina mwenyewe. Hakuna aliyepata kuitwa ofisini kujibu kwa niaba ya mfumo.

Mapendekezo yetu kuhusu matini hii ni haya. "Mfumo endeshi" libaki, ila lisikatwe kichwa likaachwa "mfumo" tu, hasa mahali ambapo mashine imetajwa karibu. "Kompyuta kuu", linalotumiwa na wengi kwa meinifremu, tunalitilia shaka, kwa sababu msomaji hulielewa kuwa kompyuta ya makao makuu, hata ikiwa ni ndogo ya mezani. Ukuu wa cheo na ukubwa wa mashine ni mambo mawili. Tunapendelea "meinifremu", neno la kukopa kama karasha. Kwa sababu hiyo hiyo tunapendelea "terminali" kuliko "kituo", ambalo limekwisha chukuliwa na mabasi, polisi, afya na kura.

Tulipoondoka Kahama, mwalimu alikuwa amekwisha iandika upya sentensi ya ukurasa wa kwanza: "Unix haufanyi kazi vizuri kwenye meinifremu hii kwa sababu terminali haipeleki herufi kwa kompyuta mpaka mtumiaji abonyeze kitufe." Ni sentensi ile ile, na imeongezeka urefu kwa neno moja tu. Aliwasomea wanafunzi wa kidato cha tatu, na msichana mmoja akauliza kwa nini basi wasibadilishe terminali, swali ambalo wahandisi wa miaka ya 1980 nao walijiuliza.

Neno moja bado limetushinda. Katika Unix kuna programu zinazokaa nyuma, hazionekani na hazina terminali, zikingoja kazi ya kuhudumu. Waliozipa jina kwa Kiingereza walitumia neno la pepo. Mfasiri wetu ameandika "shetani", na mwalimu ameliona tayari tatizo litakalomfikia siku mzazi atakapolifungua daftari la mwanawe. Yeye anapendekeza "mngojezi". Karani mstaafu anapendekeza "tarishi", lakini tarishi huonekana, tena huzungumza sana. Wasomaji wenye neno lililo bora watuandikie.